Tasa ni Nani?



Jambo hili nimekaa nalo moyoni miaka mingi, nami niliona haya kuliandika, kwa kuwa ni jambo la chumbani, na gazeti letu husomwa na watu wa kila umri, baba na binti yake wakiketi penye benchi moja. Lakini haya yetu sisi wanaume imekuwa mzigo juu ya vichwa vya wanawake, nao wameuchukua siku nyingi mno. Basi nitasema kwa adabu kadiri niwezavyo. Na mahali ambapo adabu na kweli haziwezi kwenda pamoja, nitaishika kweli. Bwana Mtengenezaji akiona nimepita kiasi, na afute.

Neno langu ni hili. Huku kwetu watu wawili wakioana, mwaka ukapita na wa pili ukapita, nao hawajapata mtoto, hakuna aulizaye ni nani kati yao mwenye ugonjwa. Jibu limekwisha kutolewa kabla ya swali kuulizwa. Mke ni tasa. Mama mkwe alisema, shangazi aliitikia, majirani walilichukua kisimani, na mume alinyamaza. Na kule kunyamaza kwake kukawa ushahidi. Nasema kwamba huku ni kumshuhudia jirani uongo, tena ni dhambi ambayo sisi tuliobatizwa twaitenda mchana, katika baraza, baada ya kufungua kikao kwa sala.

Hata maneno yetu yametufunga. Twasema mwanamke tasa, twasema mbuzi tasa, na ng'ombe tasa. Neno mgumba liko, na maana yake ni mtu asiyezaa, awe mume au mke; lakini ni nani kati yenu amepata kusikia mwanamume akiitwa mgumba mbele ya uso wake? Kwa mwanamume tumeweka neno hanithi tu, na hilo ni jambo lingine kabisa, kama nitakavyoeleza. Lakini Sheria ya Musa ilijua tusilotaka kujua sisi. Fungueni Kumbukumbu la Torati, mlango wa 7, mstari wa 14, msome wenyewe. Pale Israeli waahidiwa baraka, na miongoni mwa baraka hizo ni kwamba hatakuwako kwao tasa wa kiume wala tasa wa kike. Wa kiume ametajwa. Kitabu hiki kimo katika nyumba zetu miaka na miaka, na mstari ule tumeuruka kama mtu arukavyo dimbwi.

Sasa nitawapa habari ya nyumba moja, nayo ni ya nyumbani kwetu. Nimepewa ruhusa na mwenyewe.

Dada yangu aliolewa kanisani mwaka 2006. Mwaka wa pili wa ndoa mama mkwe wake alimpeleka kwa mganga wa miti shamba, akanyweshwa dawa chungu mpaka akatapika. Mwaka wa tatu alipelekwa kwa mwingine, naye akapiga ramli, akamchanja chale tumboni, akamkataza mayai na nyama ya kuku. Mbuzi alichinjwa. Kwa nini mbuzi yule achinjwe katika nyumba ya Wakristo, sikuuliza, wala mzee wa kanisa hakuuliza, ingawa nyama aliila. Mwaka wa tano alikwenda hospitali kwa fedha zake mwenyewe, aliyoipata kwa kuuza maharage. Akapimwa damu. Akapigwa picha ya mirija, yaani dawa hupelekwa ndani kwa njia ya uzazi ili ionekane katika picha kama njia ziko wazi, na kipimo hicho chauma. Njia zilikuwa wazi. Daktari akamwambia, “Umekuja peke yako, rudi na mumeo.” Akarudi nyumbani akampa mumewe maneno yale kwa upole. Mume akajibu, “Mimi siumwi,” na neno likaishia hapo.

Mwaka 2013 wazee wa pande mbili wakaketi. Mimi nilikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, nimevaa koti jipya, nami nikaketi pamoja nao. Hakuna aliyesema, “Je, mume amepimwa?” Nami nilikwisha kusoma chuoni habari za uzazi wa viumbe, nilikwisha kuwachorea watoto ubaoni mbegu ya kiume na yai la kike, nikawaambia kwamba kimoja bila kingine si kitu. Lakini mbele ya wazee elimu yangu yote ilikaa mfukoni pamoja na chaki. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, mimi ndiye niliyepewa kalamu niandike hati ya makubaliano. Nikaandika kwamba ng'ombe na mbuzi wawili warudishwe, kwa sababu mke hazai.

Mahakama ilipokwisha kuivunja ndoa ile, dada yangu aliolewa mwaka 2016 na mjane mwenye watoto watatu. Mwaka 2017 alizaa mtoto wa kiume, na mwaka 2020 wa kike. Yule mume wa kwanza alitwaa mwanamke wa pili, akakaa naye miaka minne, naye akaondoka mwenyewe bila mtoto. Sasa yuko na wa tatu, msichana ambaye umri wake haujafika miaka 25, nami nilikutana naye njiani amebeba chupa ya dawa iliyofungwa kwa jani la mgomba.

Siwezi kusema kwamba mtu yule ni mgumba. Hajapimwa hata leo, na asiyepimwa hawezi kuhukumiwa. Na hayo ndiyo malalamiko yangu yote. Haki hii ninayompa yeye, kwamba asihukumiwe bila kipimo, dada yangu hakupewa.

Mtu atasema, “Mwalimu, habari ya nyumba moja si sheria ya ulimwengu.” Ni kweli. Basi sikilizeni ya ulimwengu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2023 kwamba watu wazima kama asilimia 17.5, yaani karibu mtu 1 katika kila 6, hupatwa na shida ya kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yao. Waganga wa hospitali huiita shida ikiwa mume na mke wamekaa pamoja miezi 12 au zaidi, bila kuzuia mimba, wala mimba haikutungwa. Na katika karibu nusu ya ndoa hizo mume ana sehemu yake katika ugonjwa, ama peke yake, ama pamoja na mkewe. Sikusema waume wote. Wako wanawake wagonjwa wa mirija, na wa mayai, na wa tumbo la uzazi. Wako pia ambao wamepimwa wote wawili na sababu haikuonekana. Lakini nusu, ndugu zangu! Sisi tumeishi kama watu waliopoteza mbuzi, wakamtafuta upande mmoja tu wa mto.

Tena msidhani habari hizi ni mpya. Mwaka 1677, katika mji wa Delft huko Uholanzi, mfanyabiashara wa nguo jina lake Antoni van Leeuwenhoek, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu, alitazama manii ya mwanamume kwa lenzi alizozisugua kwa mikono yake, akaona ndani yake viumbe vidogo vyenye mikia, vikiogelea. Akawaandikia wataalamu wa London. Hata leo imepita miaka zaidi ya 340, na wako wanaume waliosoma, wenye simu za kuona picha za dunia nzima, wasiotaka kuambiwa kwamba viumbe vile katika mwili wao huweza kuwa vichache, au dhaifu, au kutokuwamo kabisa.

Hapa ndipo penye kosa kubwa la wanaume, nami nataka kukaa hapa kidogo. Mwanamume hufikiri, “Mimi nina nguvu, mke wangu hana la kulalamika, basi mimi si mgumba.” Hilo ni kuchanganya mambo mawili. Nguvu za mume ni jambo moja, na mbegu zake ni jambo jingine. Asiye na nguvu za kukaa na mkewe ndiye aitwaye hanithi. Mgumba aweza kuwa na nguvu za simba. Maji yale yamtokayo mwanamume, sehemu kubwa yake hutoka katika vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na katika tezi dume. Mbegu na maji yatokayo katika korodani hayafiki sehemu 10 katika 100. Kwa hiyo mtu ambaye mbegu zake zimekwisha kabisa haoni tofauti yoyote. Rangi ni ile ile, wingi ni karibu ule ule, furaha ni ile ile. Macho yake hayawezi kumwambia, wala mkewe hawezi kumwambia. Ni hadubini peke yake iwezayo kumwambia, nayo iko hospitali.

Tena wako wanaosema, “Mimi nilizaa ujanani, basi shida si yangu.” La! Njia iliyokuwa wazi jana yaweza kuzibwa leo. Mtu aliyezaa mwaka 2010, akapatwa na kisonono mwaka 2015 akakificha, asilete cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake wa kwanza kuwa ushahidi wa mwaka huu.

Sababu za utasa wa kiume ni nyingi, nami si mganga. Nitataja zile ambazo mtu wa kijijini aweza kufanya neno juu yake.

Kisonono na klamidia nazitaja kwanza, kwa kuwa ndizo zinazofichwa. Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba uliojikunja mara nyingi sana. Ukinyoshwa, urefu wake ni kama mita 6. Mbegu hupita humo na kukomaa humo. Ugonjwa wa zinaa ukipanda mpaka pale, ukaacha kovu, mrija huzibika kama bomba lenye matope. Korodani yaendelea kufanya kazi, mbegu zazaliwa, lakini hazina mlango wa kutokea. Mtu huyo alitibiwa nusu, ama alinunua vidonge dukani kwa aibu, maumivu yakaisha, akashukuru. Kisha akaoa msichana safi, akamwita tasa. Na magonjwa hayo hayo humzibia mke mirija yake pia. Basi mara nyingine hata mke anapokuwa mgonjwa kweli, aliyemletea ugonjwa ni yule anayemfukuza.

Kichocho nacho, kwa watu wanaooga katika maziwa na mabwawa, si ugonjwa wa kibofu tu. Mayai ya mdudu yule hukaa hata katika tezi dume na katika vifuko vya manii, na kuvidhuru. Mwanamume aonaye damu katika mkojo au katika manii asingoje.

Matubwitubwi yakimpata mtoto mdogo wa kiume hayana hatari kubwa kwa uzazi, lakini yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe huweza kushuka na kuvimbisha korodani. Mara nyingi ni upande mmoja, na utasa kamili ni nadra, lakini uko.

Iko sababu ambayo ni ya kawaida sana nayo haijulikani kwetu hata kidogo. Mishipa ya damu juu ya korodani, hasa ya upande wa kushoto, huvimba na kujaa ikawa kama mzizi uliopindana. Kwa wanaume wote, kama 15 katika 100 wanayo hali hiyo, na wengi wao huzaa bila shida. Lakini kwa wanaume wanaokwenda hospitali kwa kukosa mtoto, zaidi ya 30 katika 100 wanayo. Daktari huitambua kwa mkono, mtu akiwa amesimama, wala hahitaji mashine. Nayo hupasuliwa. Ni wangapi katika kata yetu wamepata kuambiwa haya?

Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu. Kazi yao yataka ubaridi kidogo, pungufu ya joto la mwili kwa nyuzi 2 mpaka 4. Ndiyo maana mtoto wa kiume ambaye korodani yake haikushuka, ikabaki tumboni, huharibika uzazi wake polepole pasipo maumivu. Akina mama na wakunga, nawasihi mtazame watoto mnapowaogesha. Mtoto akifika miezi 6 na korodani moja haijashuka, apelekwe kwa daktari; kupasuliwa kwafaa kufanyike kabla hajapita miezi 18. Mkisema, “Itashuka akikua,” mtakuja kumtafutia mkwe wenu mganga miaka 25 baadaye.

Tena pombe nyingi, na tumbaku. Tena homa kali, ambayo hupunguza mbegu kwa miezi michache, kisha zikarudi. Tena wako vijana wapigao sindano za kukuza misuli, na watu wazima wanunuao dawa za nguvu zisizojulikana. Sindano ya homoni ya kiume, ambayo mtu huichoma akidhani anaongeza uanaume, huiambia tezi iliyo chini ya ubongo kwamba kazi imekwisha, nayo korodani huacha kutengeneza mbegu. Mtu avimba mabega huku shamba lake la mbegu likikauka. Sijui kichekesho kikubwa kuliko hicho.

Wako pia waliozaliwa na upungufu katika asili ya mwili wao, ambao hawakutenda kosa lolote, nao wasihukumiwe.

Na juu ya dawa za kunyunyizia mimea nitawapa habari moja, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa wanaume. Mwaka 1977, katika mji wa Lathrop, jimbo la California, Marekani, walikuwako wanaume waliofanya kazi katika kiwanda kilichotengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongo, iitwayo DBCP. Katika mazungumzo yao wakagundua kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyepata mtoto miongoni mwao. Mmoja alisema, mwingine akasema, “Hata mimi.” Wakaomba kupimwa. Wengi wakaonekana mbegu zao ni chache au hazimo kabisa. Mwaka 1979 serikali ya Marekani ikapiga marufuku karibu matumizi yote ya dawa ile. Sisemi kila dawa tunyunyiziayo nyanya na kahawa ina sumu ya namna hiyo, ingawa kunyunyizia kifua wazi na viatu huna ni upumbavu. Nasema hivi: watu wale waliokolewa na nini? Waliokolewa kwa kuwa wanaume walisema wao kwa wao neno ambalo wanaume hawasemi. Kama wangalikuwa ni sisi, kila mmoja angalikwenda nyumbani kwake akampiga mkewe.

Sasa namna ya kupimwa. Nimeona wanaume wakiiogopa kuliko kupasuliwa, kwa sababu hawaijui.

Mume hujizuia asikae na mkewe siku zisizopungua 2 wala kuzidi 7. Hupewa kikopo safi, akaingia chumba cha faragha hospitali, akatoa manii kwa mkono wake, yote, bila kumwaga ya mwanzo, maana ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi. Akiwa nyumba yake iko karibu aweza kutolea kwake, akakileta kikopo kabla ya saa moja kupita, amekiweka karibu na mwili kisipate baridi. Asitumie kondomu ya dukani, kwa kuwa nyingi zina vitu vinavyoua mbegu. Basi, ndiyo kazi yote. Hakuna kisu wala sindano. Linganisheni na dada yangu, chale zake, matapishi yake, na picha ya mirija. Nimeuliza malipo ya kipimo hicho katika hospitali yetu, nami nawaambia kwamba hayafiki bei ya mbuzi yule aliyechinjwa.

Mpimaji hutazama wingi wa maji, hesabu ya mbegu, mwendo wake, na umbo lake. Kitabu cha Shirika la Afya Ulimwenguni cha mwaka 2021 chataja kadiri ya chini: maji mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, au milioni 39 kwa jumla, zinazotembea ziwe 42 katika 100, na zenye umbo zuri 4 tu katika 100. Ndiyo, 4 tu, wala msishangae. Kadiri hizi zilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba katika mwaka mmoja; na wanaume 95 katika kila 100 walikuwa juu yake. Kwa hiyo si kama alama ya kufaulu mtihani, kwamba aliye chini yake ameanguka. Aliye chini aweza kuzaa, ila kwa taabu na kwa kukawia. Na kipimo kibaya kirudiwe baada ya wiki kadhaa. Mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Basi karatasi ya leo yatoa habari za mwili wako wa miezi iliyopita, na pengine ulikuwa na homa.

Ikiwa hakuna mbegu hata moja, daktari hutafuta: je, hazitengenezwi, au zatengenezwa na njia imezibwa? Hupima ukubwa wa korodani kwa mkono, hupima homoni katika damu, huuliza magonjwa ya zamani. Hapo ndipo mume yampasa kusema kweli, hata ile ya ujanani mjini. Akidanganya, amejidanganya mwenyewe. Ugonjwa wenye vijidudu hutibiwa. Mishipa iliyovimba hupasuliwa. Anayepungukiwa na homoni za ubongo hupewa. Aliyeziba huweza kufunguliwa, au mbegu zake hutolewa kwa sindano, na moja hutiwa ndani ya yai la mkewe, namna iliyofaulu kwanza huko Brussels, Ubelgiji, na kutangazwa mwaka 1992. Hiyo ya mwisho ni ghali mno, nami sitawadanganya kwamba ni ya watu wa mishahara yetu. Wako pia wasioponyeka. Lakini mtu aliyeambiwa kweli yake aweza kuketi na mkewe wakafanya shauri, wakalea mtoto wa ndugu au yatima kwa njia ya sheria, wakakaa kwa amani. Asiyejua kweli yake hutembea na kiu kutoka kwa mke mmoja hata kwa mwingine.

Mzee mmoja aliponisikia nikisema haya alinijibu kwa Maandiko. Alisema, “Na Onani je? Hukusoma kwamba alimwaga mbegu chini, akafa?” Nilimheshimu kwa kuwa amesoma. Lakini Onani alimwaga ili asimpatie nduguye mzao, alikataa mtoto. Mtu aendaye na kikopo hospitali anatafuta mtoto. Hawa wawili wamepeana migongo. Hata hivyo ambaye dhamiri yake yamsumbua, na aseme na mchungaji wake na daktari. Iko mipira ya namna yake, isiyo na dawa ya kuua mbegu, ambayo mume huitumia akiwa na mkewe. Maandiko hayakutolewa yawe pazia la kujifichia.

Na kwa kuwa tumefika katika Maandiko, twendeni kwa Ruthu. Aliolewa na Maloni huko Moabu, wakakaa huko kama miaka 10, naye hakuwa na mtoto. Maloni akafa. Ruthu akaja Bethlehemu mikono mitupu, akaokota masazo. Akaolewa na Boazi, akamzaa Obedi, babu yake Daudi. Kitabu hakisemi kwamba Maloni alikuwa mgonjwa, wala mimi sitakitia maneno kinywani. Chasema Bwana ndiye aliyempa kuchukua mimba. Lakini nawauliza ninyi wazee wa baraza: kama Naomi angalikuwa mama mkwe wa kijiji chetu, angalimchukuaje Ruthu mwaka ule wa tatu? Na kama angalimfukuza, mngalikuwa na Daudi wa kumwimbia?

Neno langu la mwisho ni kwenu wazee. Shauri la ndoa isiyo na mtoto likija mbele yenu, ulizeni kwanza karatasi ya mume. Asiyekuwa nayo, mwambieni aende, kisha arudi. Msiandike neno lo lote mpaka arudi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu ndoa ya Wakristo wawili, iliyofungwa kanisani, igeuzwe kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili ni Wakristo. Nanyi mwaijua, kwa kuwa husomwa. Lakini yule aliyemfukuza dada yangu alitwaa mwanamke mwingine, akafungiwa meza ya Bwana mwaka mmoja, kisha akarudishwa, kwa maana mlisema, “Maskini, anatafuta mtoto.” Dada yangu hakuna aliyemwita maskini.

Hati ile ya mwaka 2013 ingali katika sanduku la baraza, kwa mwandiko wangu, yasema mke hazai. Nimekwenda mara mbili kuomba maneno yale yafutwe, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba yaliyopita yamepita. Ng'ombe na mbuzi wawili nao hawajarudi.